Amri ya Nne: Mkristu na Wakubwa Wenye Makosa

Somo kwa Wakatekumeni

Amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Lakini Eklezya takatifu, mama na mwalimu wetu, hutufundisha kwamba amri hiyo haiishii mlangoni pa nyumba. Yawahusu pia wote waliopewa kazi ya kutuongoza: walimu, wakubwa wa vijiji, watawala wa nchi na wachungaji wa roho zetu.

Mafundisho hayo ni rahisi kuyapokea wakati mkubwa ni mtu mwema. Mkubwa mwenye haki, asiyepokea rushwa, amsikilizaye mjane na yatima, nani asiyependa kumtii? Lakini katekumeni hurudi kijijini kwake, na huko mara nyingine hukuta mambo mengine. Mkubwa ni mlevi. Au apendelea ukoo wake. Au amechukua mbuzi wa maskini kwa hukumu isiyo ya haki. Ndipo katekumeni hujiuliza moyoni: Je, hata huyu yanipasa kumtii? Na nikimtii, je, sishiriki ubaya wake?

Swali hilo si dogo. Wako walioiacha njia ya Mungu kwa kulijibu vibaya. Wengine walisema: mkubwa ni mbaya, basi sina deni lolote kwake, nao wakaanguka katika kiburi, uasi na chuki. Wengine walisema: mkubwa ameagiza, basi dhambi ni yake, si yangu, nao wakatoa ushahidi wa uongo, wakawapiga wasio na kosa, wakashiriki matambiko, kwa kuwaogopa wanadamu. Mkristu hazifuati njia hizo mbili. Iko njia nyingine, nyembamba zaidi, ambayo watakatifu waliishika.

1. Mamlaka yatoka kwa Mungu

Mungu hakumwumba mtu akae peke yake porini kama chui. Alimwumba akae pamoja na wenzake, na watu wengi hawawezi kukaa pamoja bila mwenye kuwaongoza. Nani atakata maneno ya mipaka ya mashamba? Nani atawakusanya watu kutengeneza daraja lililochukuliwa na mvua? Nani atamzuia mwizi? Basi Mungu atakaye watu wakae pamoja, ndiye atakaye pia wawe na mkubwa. Namna ya kumpata mkubwa zaweza kuwa mbalimbali: huku ni kwa ukoo, huku ni kwa kura, huku ni kwa kuwekwa na serikali. Lakini mamlaka yenyewe chanzo chake ni Mungu.

Mtakatifu Paulo aliwafundisha hivyo Wakristu wa Roma, akawaagiza walipe kodi na ushuru, na wawape watawala heshima iwapasayo, tena wafanye hivyo kwa ajili ya dhamiri, wala si kwa hofu ya adhabu tu. Yafaa kukumbuka ni nani aliyetawala Roma wakati ule. Alikuwa Nero, aliyekuwa Kaisari tangu mwaka 54 hata mwaka 68, mtu mkali aliyemwaga damu ya watu wengi, hata ya mama yake mzazi. Chini ya Kaisari huyo Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo waliuawa kwa ajili ya imani. Hata hivyo Mitume hao wawili hawakuwafundisha Wakristu kuasi. Mtakatifu Petro aliwaambia hata watumishi wawatii mabwana wao, wala si wale wapole tu, bali na wale wakali pia.

2. Cheo ni kitu kimoja, mtu ni kitu kingine

Mtu aweza kuuliza: Mungu aliye mtakatifu awezaje kumpa mamlaka mtu mbaya? Kitabu kitakatifu chatujibu kwa habari za Sauli na Daudi.

Sauli alikuwa mfalme wa kwanza wa Waisraeli. Nabii Samweli alimpaka mafuta kwa amri ya Mungu. Baadaye Sauli alimwasi Mungu, akawa mtu wa wivu na hasira. Alimwonea kijicho Daudi, kijana aliyemtumikia kwa uaminifu, akamtupia mkuki zaidi ya mara moja ili amwue. Daudi akakimbia. Sauli akamfuata nyikani pamoja na watu elfu tatu.

Siku moja Sauli aliingia peke yake katika pango huko Engedi, asijue kwamba Daudi na watu wake wamejificha mle ndani. Watu wa Daudi wakamnong'oneza kwamba Mungu amemtia adui yake mikononi mwake. Daudi akanyemelea, akakata upindo wa vazi la Sauli, wala hakumdhuru. Hata kwa kukata ule upindo moyo wake ulimshtaki, maana alikuwa amegusa vazi la mpakwa mafuta wa Bwana. Mara nyingine aliingia usiku katika kambi ya Sauli, akamkuta amelala, na mkuki wake umechomekwa karibu na kichwa chake. Daudi aliuchukua mkuki na mtungi wa maji, akaenda zake bila kumgusa.

Wakatekumeni na waangalie vizuri mwenendo wa Daudi. Yeye hakusema kwamba Sauli ni mwema. Alisimama mbali, akapaza sauti, akamwambia mfalme waziwazi kwamba amemwonea mtu asiye na kosa, akamwachia Mungu ahukumu kati yao. Wala hakurudi kuketi karibu na Sauli ili auawe bure. Alijiepusha na mkuki wake. Lakini hakumwaga damu yake, wala hakuidharau kazi ambayo Mungu alimpa. Daudi alitambua kwamba cheo ni kitu kimoja na mtu mwenye cheo ni kitu kingine. Maji mazuri ya chemchemi yaweza kupita katika mtungi wenye ufa. Twauhuzunikia ufa, lakini hatuyalaani maji.

3. Bwana wetu mbele ya Pilato

Mfano mkubwa kupita yote ni ule wa Bwana wetu Yezu Kristu. Pilato alikuwa liwali wa Kirumi katika Yudea. Alimwuliza Yezu maneno mengi, na mwisho akamwonya kwamba anao uwezo wa kumfungua na uwezo wa kumsulibisha. Yezu alimjibu kwamba uwezo huo asingekuwa nao kama asingepewa kutoka juu.

Katika jibu hilo mna mafundisho mawili. Kwanza, Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kwamba mamlaka ya Pilato, mpagani na mwoga, yalitoka juu. Pili, alimkumbusha Pilato kwamba yeye si mwenye mali. Amekabidhiwa tu, na mwenye kukabidhiwa hutolewa hesabu. Kwa hiyo neno lile lile linalotufundisha sisi kutii, lawafundisha wakubwa kutetemeka. Kila hukumu ya uongo, kila mbuzi aliyenyang'anywa, kila machozi ya mjane, yataulizwa siku ya mwisho. Wazee husema: Mkubwa ni jaa. Takataka zote za watu hutupwa juu yake, naye apaswa kuzichukua kwa uvumilivu. Ukubwa ni mzigo kabla ya kuwa heshima.

4. Mpaka wa utii

Sasa twafika mahali pa kuangalia sana. Je, mkubwa atiiwe katika kila neno? Hapana. Utii una mpaka, na mpaka wake ni amri ya Mungu.

Mitume walipokatazwa na Baraza Kuu la Wayahudi wasilihubiri tena jina la Yezu, walijibu kwamba yapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Waliwekwa kifungoni, wakapigwa, wala hawakunyamaza. Lakini pia hawakuwatukana waamuzi, wala hawakuchoma nyumba zao.

Sababu yake yaeleweka kwa mfano wa mjumbe. Mwenye shamba amtuma mjumbe kwa vibarua wake. Mjumbe akiwaambia walime, watalima, hata kama mjumbe mwenyewe ni mvivu au mwenye maneno makali, kwa kuwa amri ni ya mwenye shamba. Lakini mjumbe akiwaambia wang'oe mihogo ya mwenye shamba, hapo hasemi tena kwa jina la aliyemtuma. Neno hilo ni lake mwenyewe, nalo halina nguvu. Vivyo hivyo mkubwa aagizapo dhambi, mamlaka ya Mungu hayamo katika agizo lile. Mkristu atakataa, na kwa kukataa hatavunja amri ya nne.

Tena, pasipo dhambi yenyewe, mkubwa aweza kupita mipaka ya kazi yake na kuwaonea watu. Juu ya jambo hilo Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Eklezya katika ulimwengu wa sasa, ulifundisha hivi: watu waonewao wasikatae kutimiza yale ambayo faida ya wote yayadai kweli, lakini ni halali kwao kutetea haki zao na za wenzao, wakishika mipaka iliyowekwa na sheria ya Mungu na Injili. Basi kutii si kuwa bubu. Mkristu aweza kusema, aweza kushtaki panapohusika, aweza kudai haki. Asilolipewa ruhusa ni kuchukia, kusingizia na kumwaga damu.

5. Mashahidi wa Uganda na mfalme wao

Mambo hayo yote yalionekana wazi huko Uganda. Ni vema wakatekumeni wayasikie vizuri, kwa sababu baadhi ya mashahidi hao walikuwa wakatekumeni hata usiku wa mwisho kabla ya kukamatwa.

Wamisionari wa kwanza wa Kikatolika, Padri Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadri Weupe, walifika Buganda mwezi wa Februari 1879, wakati wa Kabaka Mutesa. Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana bado, akaketi mahali pake. Mwanga aliogopa kunyang'anywa ufalme na wageni. Tena alikuwa na tabia ya uchafu, akawataka vijana watumishi wa ikulu watende dhambi pamoja naye. Vijana waliokuwa wakisali walikataa.

Mkuu wa watumishi wa ikulu alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mwanga alimpenda na kumwamini, maana alikuwa mtumishi asiye na mfano, asiyesema uongo wala kuiba mali ya mfalme. Mwezi wa Oktoba 1885 Mwanga aliagiza auawe Askofu Hannington wa Waanglikana, aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki. Yosefu Mukasa hakunyamaza. Alimwendea mfalme, akamwonya kwamba haifai kumwua mgeni asiye na kosa. Tena aliwalinda vijana wadogo wasiangukie katika uchafu wa mfalme. Kwa sababu hiyo Mwanga alimchukia, akaagiza auawe. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa, kisha mwili wake ukachomwa moto. Kabla ya kufa alimwachia mfalme ujumbe: kwamba amemhukumu bila haki, lakini yeye amsamehe kwa moyo wote, naye mfalme na atubu, maana asipotubu watakutana mbele ya hukumu ya Mungu.

Katika ujumbe ule mmoja mna ukweli, mna msamaha, mna onyo. Hamna tusi hata moja. Ndivyo Mkristu asemavyo na mkubwa mwenye kosa.

Baada yake Karoli Lwanga alishika ulinzi wa vijana. Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka mawindoni akakuta watumishi wake hawapo. Alisikia kwamba kijana Dionizi Sebuggwawo alikuwa akimfundisha dini mwana wa Katikiro. Hasira ilimpanda mfalme, akamchoma Dionizi kwa mkuki, na kesho yake wauaji wakammaliza. Usiku ule Karoli Lwanga alijua kwamba saa imefika. Aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, kati yao Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kama 14, na Mbaga Tuzinde, na Gyavira, na Mugagga.

Asubuhi mfalme aliwaita wote mbele yake, akaagiza wale wanaosali watengwe na wenzao. Vijana hao wangeweza kukimbia usiku. Wangeweza kunyamaza na kujificha katikati ya wengine. Lakini mfalme alipowaita walikuja, kwa kuwa kuja mbele ya mfalme si dhambi. Na alipowataka wamkane Mungu walikataa, kwa kuwa hiyo ni dhambi. Hapo mpaka wa utii ulionekana wazi kama mto kati ya nchi mbili.

Walifungwa kamba, wakapelekwa kwa miguu hata Namugongo, na wengine waliuawa njiani. Mbaga Tuzinde alikuwa amelelewa na Mukajanga mwenyewe, mkuu wa wauaji. Huyo alimsihi Mbaga sana akane imani, au akubali tu kufichwa. Mbaga alimheshimu kama mzazi, lakini hakukubali. Mukajanga aliagiza apigwe kwanza kwa rungu shingoni, ili asisikie uchungu wa moto. Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto. Mashahidi wote Wakatolika ni 22. Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza wenye heri mwaka 1920, na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana pia walikufa pamoja nao kwa ajili ya jina la Kristu.

6. Yaliyompata Mwanga baadaye

Watu wengi huishia hapo katika kusimulia habari hizo, lakini zinaendelea, na mwisho wake una mafundisho makubwa.

Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa katika ufalme. Alikimbia kwa mtumbwi, akavuka ziwa kwenda kusini. Aliteseka huko ugenini, na mwisho alikimbilia misioni ya Mapadri Weupe huko Bukumbi, karibu na Mwanza. Mlango aliobisha ulikuwa wa watu ambao watoto wao wa roho aliwachoma moto miaka miwili na nusu tu iliyopita. Nao mapadri walimpokea, wakampa mahali pa kukaa. Kisha Wakristu wa Buganda, ambao wengine wao walikuwa ndugu na rafiki za mashahidi, walimwita tena kuwa Kabaka, wakampigania, akarudi katika kiti chake.

Hawakufanya hivyo kwa kuyasahau mabaya yake. Walijua kabisa alivyo. Ila walimhesabu kuwa mfalme wao halali, na msamaha wa Yosefu Mukasa haukubaki neno tupu. Mwanga baadaye alipigana na Waingereza, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa katika visiwa vya Shelisheli. Huko, kabla ya kufa mwaka 1903, mtu huyo aliyewaua wenye kusali aliomba ubatizo, akabatizwa katika Kanisa la Waanglikana. Nani ajuaye sala za mashahidi zilifanya kazi gani katika moyo wake?

7. Mashahidi wa nchi ya Kongo

Kongo nayo ina mfano wake. Mwenye heri Isidori Bakanja alikuwa kijana mwashi, aliyebatizwa tarehe 6 Mei 1906 katika nchi ya Equateur. Alifanya kazi kwa wazungu wa kampuni moja huko Ikili. Alikuwa mtumishi mwaminifu. Hakuna aliyeweza kumshtaki kwa uvivu wala wizi. Msimamizi mmoja aliyechukia dini alimwamuru avue skapulari ya Mama Bikira Maria. Isidori alitii katika kila kazi, ila neno hilo alikataa. Mwaka 1909 alipigwa viboko zaidi ya mia moja kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari. Vidonda vyake vilioza, akateseka miezi sita, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea akifika mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Hata baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, wakati wana wa nchi walipojitawala wenyewe, Wakristu wa Kongo walihitaji njia ile ile. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu hakuchoka kuwakumbusha wakubwa na askari kwamba wamewekwa kuwalinda watu. Alisema bila woga, tena bila chuki ya kabila. Hakuwakimbia kondoo wake siku ya vita, akauawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

8. Mambo ya kijijini

Yaliyosemwa juu ya wafalme yafaa katika mambo madogo ya kila siku.

Mkubwa aagiza watu watengeneze njia au wasafishe kisima. Jana alikuwa amelewa. Katekumeni atakwenda na jembe lake, tena kwa wakati, maana njia na kisima ni vya wote. Ulevi wa mkubwa haufanyi maji yawe machafu. Uvivu wetu ndio utakaoyachafua.

Mkubwa aagiza kila nyumba itoe kuku kwa ajili ya tambiko. Katekumeni atakataa kwa upole, akieleza sababu. Siku ya kazi ya kijiji na awe wa kwanza kufika, ili watu wote waone kwamba hakukataa kwa ubahili wala kwa kiburi.

Mkubwa amtaka mtu atoe ushahidi wa uongo juu ya jirani, au ampige mama mzee aliyesingiziwa uchawi. Katekumeni hatakubali, hata akitishwa. Asijifariji kwa kusema ametumwa. Mkono uliopiga ndio utakaotoa hesabu.

Mkubwa atoza zaidi ya ilivyopangwa, au aamua kesi kwa upendeleo. Katekumeni atalipa kilicho haki. Kwa kilichozidi, asianze kwa kelele sokoni. Kwanza amwendee mkubwa mwenyewe kwa adabu, pamoja na wazee wanaoaminika. Asiposikilizwa, apeleke neno lake kwa wakubwa walio juu zaidi, au mbele ya hakimu. Kufanya hivyo si uasi. Ni kutumia njia iliyowekwa kwa faida ya wote.

Liko neno moja zaidi, gumu kwa wengi: baba mpagani amkataza mwanawe asibatizwe. Mwana huyo asimdharau baba. Na alime shamba lake, amtekee maji, amwuguze akiwa mgonjwa, kuliko ndugu zake wote. Lakini asiiache njia ya ubatizo. Akumbuke Mbaga na Mukajanga. Wazazi wengi wamelainika moyo walipoona kwamba dini imemfanya mtoto wao kuwa mwana mwema zaidi.

9. Wakubwa katika Eklezya

Katekumeni aweza kukwazika pia akiona kosa la mkatekista, au hata la padri. Na ajue kwamba Bwana wetu aliwaagiza watu wayashike mafundisho ya waandishi waliokalia kiti cha Musa, lakini wasiyafuate matendo yao. Mtakatifu Agustino alifundisha kwamba abatizapo mhudumu mwema au mbaya, ni Kristu abatizaye. Neema ya sakramenti haitegemei utakatifu wa mikono iitoayo. Lakini kama ni kosa la kuwadhuru watu, na hasa watoto, lisifichwe kwa kisingizio cha heshima; liambiwe wazazi, liambiwe askofu na watawala wa nchi, ili wadogo walindwe.

Maulizo na majibu

Mamlaka ya wakubwa yatoka kwa nani?
Yatoka kwa Mungu, nao watatoa hesabu mbele yake.

Je, yatupasa kumtii mkubwa mwenye tabia mbaya?
Ndiyo, katika mambo yote ya haki, maana twatii kwa ajili ya Mungu aliyetaka pawe na mkubwa.

Je, yatupasa kumtii akiagiza dhambi?
Hapana, hata tukiteswa. Yapasa kumtii Mungu kwanza.

Mtu akitenda dhambi kwa kuagizwa, je, hana kosa?
Anayo kosa, maana Mungu amempa dhamiri yake mwenyewe.

Je, Mkristu aweza kumwonya mkubwa na kudai haki yake?
Aweza, kwa ukweli na kwa adabu, kama Yosefu Mukasa, bila tusi, bila uongo na bila kumwaga damu.

Tufanye nini zaidi kwa wakubwa wabaya?
Tuwaombee na kuwasamehe kwa moyo, kama Isidori Bakanja.

Azimio la juma hili

Kila katekumeni amtafute moyoni mwake mkubwa mmoja anayemchukia au kumdharau. Kwa siku saba amwombee Baba Yetu moja kila jioni. Tena aitimize vizuri kazi moja ya kijiji ambayo alizoea kuikwepa.

Sala

Ee Bwana Yezu, uliyesimama mbele ya Pilato bila hofu na bila chuki, utupe moyo wa kutii katika yote yaliyo mema, na nguvu ya kukataa yote yaliyo dhambi. Uwape wakubwa wetu haki, hekima na hofu ya hukumu yako. Watakatifu mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mwenye heri Isidori Bakanja, utuombee. Amina.